Posa ya Mashine ya Bizari

Mjukuu wangu Aliza alipomaliza kuhifadhi juzuu ya Amma, nilimuuliza anataka zawadi gani. Nilimuuliza mbele ya wanawake wote wa mtaa wetu wa Kibokoni, maana mimi nikitoa kitu napenda kionekane. Nilitarajia aseme bangili. Wenzangu walitarajia baiskeli. Mtoto akanikazia macho akasema, "Injini, bibi."

Sikuwa na pa kutorokea. Nilikuwa nishaapa kwa sauti kwamba chochote atakachotaja nitampa, na mimi Mwanakhamis nina ulimi mkali, lakini ndimi mbili sina.

Injini ilikuwa ya kigari. Kigari chenyewe kilikuwa tayari pale ukumbini, kimeundwa na Ogutu, mpangaji wangu wa chini, ambaye ni fundi wa mitambo bandarini. Aliunganisha vyuma vya dawati bovu, magurudumu ya toroli, usukani uliotoka sijui wapi, na kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Kilikosa roho tu. Aliza alikuwa akikaa humo kutwa nzima akivuma kwa mdomo, mate yakimruka, hata majirani wakaanza kuniambia kwamba heri hiyo injini yenyewe.

Basi tukaanza kutafuta, sisi watatu, na sijapata kucheka vile tangu ujana wangu. Kule Liwatoni tulioneshwa injini ya mashua iliyomzidi Aliza kimo. "Hii itamfikisha Pemba," nikasema, tukaondoka. Mwembe Tayari fundi mmoja alitutolea injini ya pikipiki, akaiwasha, akaipa mafuta mara moja tu. Njiwa waliruka, na mimi nusura niruke nao. Aliza alipiga makofi. Nikamwambia, "Futa kabisa! Kabla sijamaliza bismillahi ushafika Mariakani."

Kizingo ndiko tulikodhani tumepata. Mama mmoja mwenye bustani kubwa alitupa bure injini ya mashine yake ya kukatia nyasi, tukaipakia kwenye tuktuk, Aliza akaikumbatia njia nzima. Nyumbani Ogutu aliigeuza, akaitazama tumboni, akatikisa kichwa.

"Mama, mhimili wake unaangalia chini," akaniambia. "Ilizoea kuzungusha kisu chini ya nyasi. Sisi tunataka injini ambayo mhimili wake umetokeza ubavuni, ndiyo tuufunge mnyororo uende kwa gurudumu."

"Si tuilaze?" Aliza akauliza.

"Ukiilaza, mafuta yatamwagika na itakufa. Tunataka ndogo, ya ubavuni, na iwe na kidhibiti mwendo. Hata ukikanyaga kama mwenda wazimu, isikimbie kupita kiasi chake." Akajikuna kisogo. "Mimi nimeiona moja tu kama hiyo. Kwa Mzee Abdulgani, mwenye kusaga bizari. Alikuwa akiitumia stima ikipotea. Siku hizi haiguswi."

Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Mashine ile niliijua. Nani katika Mji wa Kale asiyeijua? Umeme ukikatika, sisi tukiwasha mishumaa, ilikuwa ikisikika pale chini ya ngazi za Abdulgani ikinguruma taratibu, na harufu ya bizari ya pilau ikipanda madirishani. Tatizo halikuwa mashine. Tatizo lilikuwa mwenyewe.

Nilipokuwa msichana, ami zake Abdulgani walikuja kwetu na sinia la halwa, wakakaa ukumbini na baba yangu, wakaniposa. Baba alikula halwa yao akawaambia, "Tutawaletea jibu." Hakuwaletea. Wao walikuwa na asili yao ya Kihindi, sisi na yetu, na baba hakuwa mtu wa kusema hapana usoni. Mimi nikaolewa na Jamaldin, mume mwema, Mungu amrehemu. Abdulgani naye akaoa, akafiwa. Umri wote huo tumekuwa tukipishana vichochoroni, yeye akisema "Sabalkheri, Bi Mwanakhamis," na mimi nikijibu nikitazama ukutani. Ngazi zake sikuwahi kuzipanda.

Nikamtuma Ogutu. Alirudi mikono mitupu, uso umejaa kicheko.

"Anasema haiuzwi. Anasema ameishi nayo nyumba moja umri mzima, na binti wa nyumba hauzwi kama samaki. Anayeitaka aje kwa heshima, na sinia, aipose. Na aje mwenyewe, asitume mtu."

Nilipandwa na hasira! Nikaita huo ufedhuli, uzee mbaya, kukosa kazi. Nikaapa sitakwenda hata nikibebwa. Kisha nikamtazama Aliza, aliyekuwa amekaa ndani ya kigari chake kisicho roho, havumi tena. Mtoto amehifadhi juzuu nzima, na mimi nashindwa kupanda ngazi. Nikamwambia Ogutu, "Kesho baada ya alasiri. Wewe ndiwe mshenga."

Nikavaa buibui jipya na kujipachika asmini nywelani, kwa ajili ya mtoto tu, mnielewe.

Abdulgani alitupokea juu, ukumbini mwake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Katikati ya mkeka kulikuwa na kitu kimefunikwa mtandio wa kijani wenye nyuzi za dhahabu. Nikanusa. Alikuwa ameifukiza udi! Mashine ya kusagia bizari, imefukizwa udi kama biharusi. Nilijiuma midomo nisicheke, maana nilikuja na hasira yangu na sikutaka kuipoteza mapema.

Ogutu alikohoa, akasema vizuri kabisa, "Mzee, tumekuja na haja."

"Haja yenu ni ipi?"

"Tumeona ua katika nyumba hii, tunaliomba. Kwetu tungeanza sasa kutaja ng'ombe."

"Ng'ombe nitawafuga wapi, juu ya kabati?" Abdulgani akasema. Aliza akaangua kicheko, akajaribu kuchungulia chini ya mtandio. "Ah ah, mwanangu! Biharusi haonwi mpaka yakubalike." Kisha akanigeukia mimi, na mzaha ukamtoka usoni. "Mahari sitaki, Bi Mwanakhamis. Nataka jibu. Ami zangu waliambiwa wataletewa. Mimi bado nangoja. Ndiyo au la, yote nitayapokea, na mashine mtaichukua vyovyote. Lakini nijibuni."

Kumbe ndilo aliloniitia. Ogutu akatazama dari. Hasira yangu niliitafuta sikuiona.

"Jibu lilikuwako," nikasema. "Siku ile ile. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikamwambia mama: mwambie baba nimekubali. Mama akanambia nyamaza, nazi yamwagika. Likaishia papo hapo jikoni. Lakini jibu lilikuwa ndiyo, Abdulgani."

"Bibi, ulikubali nini?" Aliza akauliza.

Abdulgani alisimama, akauvua mtandio kwa pupa, akaishika kamba ya mashine akaivuta. Mle mle ukumbini! Ikawaka mara ya kwanza. Vikombe vikacheza kabatini, picha ya baba yake ikaenda upande, na vumbi la bizari lililolala ndani ya mashine ile kwa miaka likatoka lote kwa pamoja. Tukapiga chafya, Ogutu akipiga za kutikisa nyumba, Aliza akipiga huku akiruka, na Abdulgani amesimama katikati ya moshi akicheka na machozi yakimtiririka. Mimi pia yalinitoka. Yalikuwa ya pilipili manga, na asubutu mtu kusema vingine.

Mashine ilishushwa kwa vigelegele. Abdulgani aliifuata hadi kwangu, akasema binti haendi kwa mume bila somo wa kumwelekeza, akachuchumaa na Ogutu wakifunga mnyororo. Walipomaliza, Ogutu alimweleza Aliza: mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki. Mimi nilikuwa nikishughulika na sharubati, sikusikiliza sana.

Kigari kikatoka! Hakikukimbia zaidi ya mtu mwenye haraka zake, lakini Aliza alipiga ukelele wa furaha uliofungua madirisha yote ya Kibokoni. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, na kila alikopita aliacha harufu ya bizari, na watoto wakimfuata mbio. Mwanamke mmoja akatoa kichwa dirishani kuuliza pilau iko wapi. Abdulgani alikimbia kando ya kigari na kikopo cha mafuta mkononi, kanzu ameikunja magotini, mpaka pumzi zikamwishia akaja kusimama karibu yangu.

"Na yeo, leo hii?" akaniuliza polepole. "Nikiuliza tena yeo, jibu ni lipi?"

Ulimi wangu, kama kawaida yake, ukanitangulia. Nikamwambia kwa mzaha, "Tutawaletea jibu."

Sura yake ilianguka palepale. Mzee mzima akawa kijana aliyeachwa akingoja jibu. Akasema vyema, hapana neno, akaniwekea kikopo cha mafuta mkononi na kushika njia ya kwao.

Jamani, nilijichukia. Nikamtazama akiishia kichochoroni, na nikamwona baba yangu akila ile halwa.

"Aliza," nikasema, "shuka."

"Bibi?"

"Shuka, nimesema! Ogutu, nisukume huku nyuma."

Nililikusanya buibui, nikajibana kwenye kile kiti kisicho miguu, nikakanyaga kwa mguu wa kulia. Kigari kikaruka nami. Paka wakakimbia, wanawake wakashika vichwa, Aliza nyuma yangu akipiga kelele, "Bibi, bibi, usukani!" Nilikata kona moja, nikakata ya pili, nikacheka peke yangu kama mtoto.

Aliisikia mashine yake kabla ya kuniona. Alikuwa mlangoni kwake, ufunguo mkononi, akageuka. Nilitaka kusimama mbele yake niseme neno langu kwa heshima, lakini hapo ndipo nilipokumbuka kwamba somo la breki lilinipita.

"Ndiyo!" nikapiga kelele nikimpita. "Abdulgani, jibu ni ndiyo!"

"Mguu wa kushoto!" akanipigia kelele, akitupa ufunguo na kuanza kunikimbilia. "Kanyaga wa kushoto, Mwanakhamis!"