Ubeti wa Mwisho wa Chausiku

Huko Matombo, enzi za Mjerumani, nyimbo zilizowakaa watu moyoni zilitungwa na Chausiku. Wimbo wa kulimia wake, wa harusi wake, wa kumlilia marehemu wake pia. Na desturi ya watunzi ilikuwa moja: ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja jina, asije mtu akamwibia. Sasa mama huyu, na mdomo wake usiojua mlango, akamtungia wimbo akida, yule msimamizi aliyewekwa na Mjerumani: pamba anayowalimisha watu hailiwi, na nguruwe mwitu ana nafuu, maana yeye akishiba huondoka. Shamba zima likacheka. Akida akausikia kwa mbali, ila ubeti wa mwisho haukumfikia.

Asubuhi moja akawapanga wote kwenye matuta. Askari wawili wameshika viboko, na mnyororo wa kuwapelekea watu bomani Morogoro umelazwa majanini. Akida, mtu wa pwani, hakumjua mtunzi, ila ile desturi alishanong'onezwa. Akamchagua Chausiku kwa ukubwa wa sauti yake, akamwamuru auimbe wimbo mpaka mwisho.

Chausiku aliogopa, tena sana. Waliofungwa mnyororo ule mwaka uliopita hakurudi hata mmoja. Akaimba huku akivuta kila neno ili lisiishe. Ulipofika ubeti wa mwisho, hofu ikamtamkisha jina la mjomba wake Hatibu, aliyemfundisha kutunga. Marehemu hachapwi, alijiambia.

Loo, hofu ni mshauri mbaya jamani! Alisahau kwamba kwao jina halizikwi. Siku ya kuondoa matanga ya mjomba, ukoo ulimrithisha kaka yake Chausiku jina hilo, na aliyerithi jina huitikia yote ya marehemu, mazuri na mabaya.

Akida akauliza Hatibu ni nani. Kisha jembe likaanguka.

"Ni mimi," akasema kaka yake, bila kumtazama dada yake.

Askari wakauokota mnyororo. Chausiku alitaka kunyamaza. Mungu anajua alivyotaka. Angenyamaza, jioni angekula ugali na wanawe. Lakini chuma kilipogusa shingo ya kaka yake, akaisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, inayotetemeka, ikiurudia ubeti wa mwisho kama alivyoutunga siku ya kwanza, na jina lililokuwamo ni Chausiku.

Na watu wote matutani, kwa mazoea ya miaka, wakamwitikia kwa jina hilohilo.