Mkaratusi wa Mita Kumi na Nane

Mama, ukiambiwa utoke nyumbani kwako dakika tano tu mti uangushwe, usitoke kabla hujapima. Veronicah wa mtaa wa Satellite aliambiwa hivyo Jumamosi asubuhi, na ndani ya chumba chake cha mabati alilala mama mkwe wake, Peres, ambaye tangu avunjike nyonga hainuliwi bila watu wanne.

Mwenye ploti, Thuo, alitaka mkaratusi ukatwe ajenge fleti. Alimtuma fundi Lenox na ngazi na msumeno wa petroli.

"Nakata mita tano, pale ngazi inapofika," Lenox alisema. "Mti hauachani na kisiki, unajikunja tu. Kichwa kinalala hapo katikati. Nyumba haiguswi, Mama Maurine."

"Umepima?" Veronicah akauliza.

"Miaka kumi na moja nakata miti. Jicho ndilo futi langu."

"Jicho lako halilali kwenye kile kitanda."

Maurine, binti yake Veronicah aliye Gredi ya Tisa, alikuwa amekwisha kulinganisha kivuli cha mti na kivuli cha fagio. Mti ulikuwa mita kumi na nane. Kutoka shinani hadi ukutani, mita nane. Akachora kwa mkaa kwenye mfuko wa unga: kisiki kimesimama, kipande kimeinama, ardhi chini.

"Ukikata kwa tano, juu kunabaki kumi na tatu. Kumi na tatu mara kumi na tatu, toa tano mara tano, ni mia moja arobaini na nne. Kipeuo chake cha pili ni kumi na mbili, basi kichwa kinatua mita kumi na mbili. Nyumba iko nane."

Lenox akacheka. "Haya, mwalimu, nikate wapi?"

"Tuseme kitue mita sita. Unapokata ni x, kwa hiyo juu kunabaki kumi na nane toa x. Mraba wa x jumlisha thelathini na sita ni sawa na mraba wa hicho kilichobaki." Akaandika. Mraba wa x ukafutika pande zote mbili. X thelathini na sita zikabaki sawa na mia mbili themanini na nane. "Kata kwa nane."

"Sawa, nane. Naongeza ngazi tumalize."

Veronicah aliishia darasa la nane, na majibu ya vitabuni humnyamazisha. Safari hii hakunyamaza. Alichukua kijiti cha fagio, akakikunja kama mti ule, akasimamisha kopo la chumvi mahali pa nyumba, akakiinamisha polepole. Ncha haikufika kulala. Iligonga kopo njiani, chumvi ikamwagika chini.

Maurine akashika mkaa tena. "Paa liko mita tatu. Ncha ikifika hapo iko mita tano chini ya mkato. Kipande ni mita kumi: mia toa ishirini na tano, sabini na tano. Kipeuo chake cha pili kinazidi nane na nusu, na ukuta uko nane." Akalisimamisha kopo upya. "Mama, nilihesabu pale inapolala tu. Sikuhesabu inapopita."

"Hivyo ndivyo watu wanavyozikwa," alisema Veronicah.

Lenox akampigia Thuo simu, akaweka sauti nje wote wasikie.

"Niko taoni na watu wa benki," Thuo alisema. "Mwambie huyo mama asinipotezee siku."

"Mzee Thuo, njoo ulale kando ya mama mkwe, kisha Lenox akate anapotaka."

Veronicah akaisogelea simu zaidi.

"Kama huji, mti utashuka kwa kamba, kuanzia kileleni, na hakuna kipande kitakachozidi mita mbili."

"Hiyo ni kazi ya siku mbili!" Thuo akafoka.

"Ninazo."

Veronicah akaweka kigoda mlangoni akakaa. Peres akaita kutoka ndani, "Nani anakata nini?"

"Hakuna anayekata, mama."

"Basi rudisha mlango, naona baridi."

Lenox alizunguka mti mara mbili, akauweka msumeno chini, akaenda madukani Naivasha Road kutafuta kamba. Jumapili Veronicah hakwenda kanisani. Alikaa pale pale mlangoni mpaka Jumatatu saa nne asubuhi, kipande cha mwisho kiliposhushwa.