Vilele vya Laurian

Kila Alhamisi Laurian alituma picha ya hesabu zilizomshinda, na kila Alhamisi Winfrida aliweka chini ungo wa alizeti, akajifuta vumbi mikononi na kukaa kitako kuzitatua. Walimaliza kidato cha sita pamoja. Kinara wa hesabu alikuwa Winfrida, lakini mama yake akaugua, akabaki Ilongero kumuuguza. Laurian, aliyezoea kuchungulia daftari lake, ndiye aliyekwenda chuo Dodoma. Dunia ina mambo.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Mlinganyo wa mteremko alijua kuutafuta, na alijua kwamba pale mteremko unapokuwa sifuri ndipo grafu inapogeuka. Lakini akishaipata x, badala ya kuirudisha kwenye mlinganyo wa mwanzo ili ajue grafu imegeukia juu au chini kiasi gani, aliiweka tena kwenye ule wa mteremko. Atapata nini zaidi ya sifuri? Vilele vyake na mabonde yake vyote vilijipanga kwenye mhimili mmoja, kama ndege waliotua kwenye waya.

Winfrida aliliona kosa hilo tangu wiki ya kwanza, akanyamaza. Alituma jibu sahihi, Laurian akapiga simu kushukuru, wakazungumza mpaka salio likaisha. Winfrida alimpenda tangu darasani, na hakuwa na kamba nyingine ya kumvutia.

Alhamisi hii simu ilitangulia picha.

"Winfrida, mtihani kesho. Nikifeli hili somo, narudi nyumbani."

Moyo wa Winfrida uliruka kwa furaha, kisha akauonea aibu.

"Nisomee swali," alisema.

"y ni x³ − 3x² − 9x + 5. Nimepata x ni hasi moja, na tatu."

"Ukaziweka wapi?"

"Kwenye mteremko."

"Hapo ndipo unapokosea siku zote. Zirudishe kwenye mlinganyo uliopewa."

Alimsikia akinong'ona tarakimu. "Kumi... na hasi ishirini na mbili. Winfrida! Inapanda, inashuka mpaka huku chini, inapanda tena!"

"Ndivyo."

"Kumbe rahisi hivi! Pole kwa miezi yote hii, dada yangu. Sasa sitakusumbua tena."

Simu ikakatika. Winfrida aliishika mpaka kioo kikazima.

"Nisumbue," alisema. "Nisumbue tu, Laurian."