Maneno Kumi na Mawili ya Queen

Mjukuu wangu Queen alikuja Krismasi na karatasi yenye maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Alikuwa akiwafanyia watu wa nchi za mbali kazi ya kutafsiri, nao walimlipa kwa ile pesa ya mtandaoni, bitcoin. Ndiyo iliyokuwa ada yake ya chuo cha uuguzi. Alinieleza taratibu kwamba pesa hiyo haina benki. Imeandikwa kwenye daftari ambalo watu wengi duniani wana nakala yake, kwa hiyo hakuna awezaye kufuta. Ukikosea unaongeza mstari mpya, na ule wa zamani unabaki.

"Kumbe ni kikoba," nilimwambia.

Alicheka. "Ndiyo, Bibi, kama kikoba. Hayo maneno unitunzie, yasipotee."

Kikoba chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Ilembo hukutana Alhamisi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tunazishika mimi, Dafrosa na Odeta. Kabla ya kufunga tunataja kwa sauti kiasi kilichobaki, tunarudia mpaka kila mama akishike kichwani. Ndivyo tunavyotunza kitu kisipotee. Basi nikasimama na karatasi ya Queen, nikawasomea akina mama, wakaitikia. Matamshi yetu yalituchekesha sana. Odeta ndiye aliyeyashika yote, kwa mpangilio wake.

Jumamosi yake, Callixte, mtoto wa Odeta, fundi simu wa pale Makanyagio, alifika kwangu na bodaboda. Alinikuta na Dafrosa na wenzetu tukichambua maharage. Alisema amemsikia mama yake akiyaimba yale maneno huku akimenya karanga, naye akayatambua. Hayo ndiyo ufunguo wenyewe, alisema. Anayeyajua anaweza kuichukua pesa yote popote alipo. Akaniomba nimpigie Queen hapo hapo.

Mimi nikaona kijana anayejua ilipo pesa ya mjukuu wangu.

"Nyie wakimbizi hamshibi," nikamwambia. "Queen akiibiwa, tunajua pa kuanzia."

Odeta alikuwa ameshafika nyuma yake, na bakuli la karanga mkononi. Odeta amezaliwa hapa hapa nchini, Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, na sasa ni raia kama mimi. Nilipovunjika nyonga, ndiye aliyelala sakafuni hospitalini akiniangalia.

Callixte aliinama. Alichukua simu yangu pale mkekani, akatafuta jina la Queen, akapiga, akanipa. Kisha akatoka nje asisikie tunachoongea.

Nilimweleza Queen jinsi tulivyoyaitikia maneno yake kikobani. Akaniambia nisubiri, akaihamishia pesa mahali pengine penye maneno mapya. Ilikuwepo yote.

"Usilie, Bibi," alisema. "Mimi ndiye sikukueleza vizuri. Nani amekushtua? Mshukuru sana."

Nilipotazama nje, Callixte na mama yake walikuwa wameshaondoka. Bakuli la karanga lilikuwa kizingitini.

Maneno mapya Queen hakunipa, nami sikumwuliza.

Alhamisi niliogopa Odeta hatakuja. Alikuja, akakaa mwisho kabisa wa benchi. Nilifungua kufuli yangu, Dafrosa akafungua yake. Ikabaki moja. Nilitamani nimfuate Odeta baadaye nyumbani kwake, nimnong'oneze nisamehewe bila mtu kusikia. Lakini nilipomtukana mwanawe sikunong'ona.

Nikasimama. "Neno nililomwambia Callixte mlilisikia. Siwezi kulifuta. Naongeza lingine, nalo mlishike: kijana alikuja kutuokoa, mimi nikamwita mwizi. Odeta, nisamehe. Na yeye nitamfuata dukani kwake, nimwambie mbele ya wateja wake."

Odeta alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akaja akafungua kufuli ya tatu. Hakunitazama.

"Zile karanga umezikaanga?" aliuliza.

"Bado."

"Zikaange. Zitaingia wadudu."

Akarudi mwisho wa benchi. Dafrosa akataja kiasi, tukaitikia wote, na mimi macho yangu yakiwa chini.