Meno ya Koleo

Kibega alileta trekta karakanani asubuhi, akaizima karibu mno na mlango, mpaka fundi ikambidi atoke ubavu ubavu. Jina hilo walimpa kwa sababu bega lake la kushoto lilikaa juu kuliko la kulia, kama mtu aliyeitwa na bado hajajua nani kamwita. Alikuwa mfyatua matofali, na kwa fundi alikuwa shemeji: ndiye aliyemuoa dada yake mkubwa.

"Nataka meno," alisema, akiligusa kwa ncha ya buti lile koleo kubwa la mbele.

Koleo lilikuwa pana kama kitanda. Ukingo wake wa chini ulikuwa umenyooka, umesuguliwa na udongo hadi ukang'aa. Fundi alipitisha kidole gumba juu yake, kutoka kona hii mpaka ile.

"Shemeji, hili ni la kuzolea. Udongo ukiwa umeshalegea, linauzoa vizuri. Kuchimba ni kazi nyingine."

"Ndiyo maana nataka meno. Wachimbaji wangu wote wamekimbilia ujenzi wa barabara. Nikilipeleka koleo kwenye gema linateleza tu, linapanda juu kama mkono wa mtu anayepaka ukuta chokaa. Niwekee upau wa meno hapa ukingoni, liume."

"Kuuma litauma. Lakini mikono ya trekta yako haikutengenezwa kung'oa. Na ukija kusawazisha uwanja, meno yatakuachia mifereji."

"Uwanja nitausawazisha kwa reki," Kibega alicheka. "Wewe hofu yako ni chuma. Mimi hofu yangu ni tanuri. Tanuri likikaa baridi, mteja anapita kwa jirani, na akishapita harudi."

Fundi alimwambia aiache trekta pale, atalitazama.

Mchana dada yake akafika kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini. Hakutaka kiti. Aliinama akalitazama koleo, kisha akamtazama mdogo wake.

"Umeshamwekea?"

"Bado."

"Usimwekee."

"Dada, mumeo nimwambie nini?"

"Mwambie chochote. Njoo kwanza uone."

Walikwenda. Kiwanda cha matofali kilikuwa chini ya kilima kidogo, na nyumba ya familia ilikuwa juu yake. Kwa miaka kilima kiliendelea kuliwa upande mmoja, na palipoliwa pakabaki gema, ukuta wa udongo mwekundu uliosimama wima kumpita mtu na mwenzake aliyembeba mabegani. Wachimbaji walipokuwapo walilikata kutoka juu, ngazi kwa ngazi, kwa sururu. Dada hakumpeleka huko chini. Alimzungusha nyuma ya jiko, penye majani mafupi, akamwonyesha ufa. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kudhani ni njia ya siafu. Akachukua beseni la maji aliyofulia, akamimina.

Maji yaliingia yote. Walisubiri. Halikusikika tone, wala halikuonekana likitokea popote chini.

"Koleo lisilo na meno haliwezi kumfikisha chini ya hapa," dada alisema. "Udongo mgumu linaushindwa, na mimi nalala kwa sababu linaushindwa. Ukimpa meno ataanza kula kutokea chini. Namjua. Akianza kula hatosheki."

Ndani ya nyumba mama mkwe wa dada alikohoa. Alikuwa mzee asiyeona vizuri, na chumba chake ndicho kilichopakana na jiko. "Panya wanasaga chini ya kitanda changu," alilalamika kwa yeyote aliyekuwa akisikia. "Tangu asubuhi wanasaga."

Fundi alirudi karakanani kichwa kizito. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mchomeleaji mwingine, mtu wa kuchomelea chochote atakacholetewa bila kuuliza kinakwenda wapi. Fundi akikataa, Kibega angevuka barabara tu, na yule angeyachomelea meno moja kwa moja yasiweze kutoka tena. Alifikiria hivyo jioni nzima, na kila alipofikiria aliuona ule ufa ukinywa maji.

Mwishowe akachagua njia ya katikati. Alikata upau, akaupanga meno, akaufunga kwa bolti badala ya kuuchomelea. Kibega alipokuja, fundi hakumpa ufunguo wa trekta mpaka wakubaliane.

"Utakata kutoka juu, ngazi kwa ngazi. Chini usiguse."

"Sawa."

"Na ule upande wa jiko uuache kabisa."

"Sawa, shemeji, umenifanya mtoto?"

Dada hakuja kumlaumu. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi fundi.

Meno yalifanya kazi vizuri mno. Trekta ilikuwa ikilisogelea gema, inainamisha koleo, meno yanazama kama kwenye ugali wa moto, na bonge zima linang'oka na mizizi yake. Matofali mabichi yakajaa uwanjani safu kwa safu. Tanuri likafuka moshi tena. Siku za mwanzo Kibega alianzia juu kama alivyoahidi, lakini juu trekta ilikuwa ikiyumba, na udongo wa chini ulikuwa na unyevu na laini kwa kufyatulia. Akashuka. Fundi alipopita kuangalia, alikuta gema limeota paji la uso: juu limetokeza, chini limebonyea, na trekta inaingia kwenye kile kivuli na kutoka.

"Shemeji, tulikubaliana."

"Udongo huu ni mkavu, umeshikana. Tazama," Kibega alisema, akaupiga ukuta kwa kiganja. Chembe chache zikateremka, zikaendelea kuteremka hata baada ya yeye kuondoa mkono, taratibu, kama mchele unaovuja kwenye gunia.

Huko juu ufa uliingia jikoni. Dada aliuziba kwa tope. Kesho yake tope lilikuwa limekatika katikati. Sufuria ikawa haikai sawa mafigani. Mlango wa chumba cha mama mkwe ukaanza kujifungua wenyewe, na mzee akawa anamgombeza mtu asiyekuwepo, anamwambia aingie au atoke. Dada alimweleza mumewe. Mumewe akamjibu tanuri hili likishaiva atapumzika. Likaiva, akapanga lingine.

Ndipo asubuhi moja, Kibega akiwa amekwenda kwa mteja, dada alichukua spana. Aliketi chini mbele ya koleo, akafungua bolti moja baada ya nyingine, zilizokaza akiikanyagia spana kwa mguu. Upau ulipoanguka aliupandisha kwenye toroli kwa kuubetua, akaondoka nao.

Kibega alirudi akakuta koleo kibogoyo. Hakuuliza mtu. Aliwasha trekta akaiendesha hadi karakanani, akashuka kabla haijatulia vizuri.

"Ulikuja kuyafungua," alimwambia fundi.

"Sijakanyaga kwako tangu wiki jana."

"Spana ya ukubwa ule unayo wewe na mimi tu. Na ya kwangu nimeikuta chini, imelowa maji ya kufulia. Umemtuma dada yako."

"Hajanituma wala sijamtuma. Ila kama ni yeye, afadhali."

"Afadhali?" Kibega alisogea, lile bega lake likapanda. "Wewe ndiye uliyeyaweka. Siku ile ungekataa ningekuelewa. Sasa unaweka kwa mkono huu, unaomba yatoke kwa mkono huu. Wewe ni mtu gani?"

Fundi aliinama akagusa tundu moja la bolti kwenye koleo. Alikuwa bado ameinama aliposikia mshindo. Haukuwa mkubwa, ulikuwa kama gunia zito limetuliwa chumba cha pili. Vikombe vilivyokuwa juu ya benchi viligongana mara moja vikanyamaza. Wote wawili waligeukia upande wa kilima, ambako vumbi jekundu lilikuwa likipanda bila haraka.

Walipanda trekta pamoja, fundi akining'inia kwenye bati la juu ya tairi la nyuma.

Gema lilikuwa limelala uwanjani. Safu za matofali mabichi zilikuwa zimefunikwa, na mahali ambapo trekta husimama kuchimba palikuwa na tuta refu kuliko paa la gari. Huko juu nusu ya jiko haikuwepo. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu kwa mikono miwili, na mbele ya vidole vyake vya miguu hapakuwa na kitu.

"Mama, rudi nyuma," Kibega aliita kwa sauti ya chini. "Rudi nyuma, shika ukuta. Mke wangu yuko wapi?"

"Alishuka huko kwenu," mzee alisema. "Alisema anashuka, ana kazi ndogo."

Ile spana Kibega alikuwa ameiokota pale pale, ambapo sasa lilikuwa limelala lile tuta.

Kibega alirudi kwenye trekta. Fundi alijitupa kwenye udongo, akawa anauvuta kwa mikono miwili kama mbwa. Koleo lilikuja kando yake, limelazwa chini kabisa, na ule ukingo laini ukakwangua tabaka moja jembamba, ukarudi, ukakwangua lingine. Chini ya udongo ukatokea ukingo wa beseni, na Kibega alipouona aliacha usukani, akashuka, akachimba kwa kucha huku akiliita jina la mkewe kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula.

Dada alitokea upande wa dimbwi la maji ya kufyatulia, akisukuma toroli tupu, upau ameshauzamisha. Alisimama. Alimwona mdogo wake, akamwona mumewe amepiga magoti. Baadaye alimwambia fundi kwamba alitaka kuita mara moja. Ila alitaka kwanza kumtazama mumewe kidogo.

"Niko hapa," akasema mwishowe.

Kibega aligeuka. Hakuinuka. Alilia pale pale, mikono bado imo udongoni.

Kwa siku kadhaa alikuwa mtu mwingine. Alibeba kitanda cha mama yake hadi kwa fundi, kwenye vyumba viwili vya nyuma ya karakana, akabeba na vyombo. Alimwahidi mkewe kwamba kilima amekiacha. Lakini tuta lile lilikuwa udongo mzuri uliokwisha kulegea, akauzoa. Ulipokwisha, gema jipya likawa limesimama pale, refu zaidi ya lile la kwanza, na nyumba iliyobaki imekaa ukingoni. Siku moja fundi aliinua macho akaiona trekta imeegeshwa ng'ambo ya barabara, na cheche za buluu zikiruka kwenye ukingo wa koleo. Alivuka, akasema aliyoweza kusema. Kibega alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Nyumba haina mtu tena, shemeji," alimjibu. "Nitakuwemo mimi tu."

Dada hakurudi kule. Anafua, anapika, anampaka mama mkwe mafuta ya miguu, anacheka mambo yakichekesha. Lakini mchana kutwa upepo unaleta ngurumo ya trekta, na kila injini inaponyamaza, yeye huweka chini alichoshika. Hukaa hivyo, uso umeelekea dirishani, mikono mapajani. Ngurumo ikianza tena, hukiokota na kuendelea.