Machungwa ya Mgonjwa

Wewe unayesikiliza, ukipata ujumbe kwamba baba yako anaumwa, njoo, utabeba nini?

Usijibu haraka. Hata Hajra wa Naipingo angejibu haraka, kabla hayajamfika.

Mumewe, Mikidadi, macho yalikuwa yameingia ukungu, haoni ila kivuli cha mtu mlangoni. Mtoto wao wa pekee, Adinani, ana kibanda cha fotokopi Ruangwa mjini, na wateja wakipungua hupekua mtandaoni. Kila alasiri simu ya Hajra ilikuwa inalia kidogo: Adinani katuma jambo aliloliokota huko. Hajra anafuta mikono kwenye kanga, anavaa miwani yake yenye mguu uliofungwa uzi, anamsomea mumewe taratibu, akipumzika kila kwenye nukta, kama alivyofundishwa shule ya msingi.

"Anasema pweza ana mioyo mitatu."

"Muongo huyo," Mikidadi anasema, na tabasamu limeshaanza. "Mie huu mmoja tu unanishinda. Mwambie aniombee mmoja kwa huyo pweza."

Siku nyingine ni harufu ya vitabu vya zamani, kumbe ni karatasi inaoza polepole. Siku nyingine, anayeandika kwa mkono hukumbuka zaidi kuliko anayebonyeza. "Muongo," anasema mzee, kisha anamsimulia jirani yao Sabaha yote, kama aliyeyagundua mwenyewe.

Basi ule moyo mmoja ukachoka kweli. Miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuvutwa kama ndoo kisimani. Siku hiyo mtandao ulikuwa unakatikakatika, kupiga haikuwezekana. Baada ya adhuhuri Hajra akaandika: "Baba yako anaumwa. Njoo." Ruangwa si mbali, mtu akitaka anafika kabla ya magharibi.

Adinani hakuja. Alasiri ikafika, simu haikulia.

"Kasema nini leo muongo wangu?" mzee akauliza.

Hajra akaishika simu, akamsomea upya ile ya pweza, kana kwamba imeingia sasa hivi. Mikidadi akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya zamani, mama Adi," akasema, akageukia ukutani.

Alfajiri akafariki.

Jua halijapanda vizuri, Adinani akashuka kwenye bodaboda, kashika sanda iliyokunjwa vizuri, na pamba, na ubani. Wanawake waliokuwa jikoni wakatazamana.

"Maiti ya alfajiri," Sabaha akasema, wala hakushusha sauti, "sanda kainunua duka gani limefunguliwa saa hizi?"

Hajra alisikia. Alimpokea mwanawe, akalia naye, asimuulize kitu. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Matanga yakaanuliwa, Adinani akarudi Ruangwa, na simu ikaanza tena kulia alasiri. Hajra alisoma kwa sauti, upande wa pili wa mkeka hakuna mtu. Akimaliza humjibu mwanawe: "Nimesoma." Basi.

Ikafika arobaini. Hitima ikasomwa, wageni wakaondoka, sufuria zikaoshwa. Adinani akaja kukaa ukumbini, pale pale pa baba yake.

"Kuna jambo nimeliona mtandaoni, mama, sikulituma. Misri ya kale watu walikuwa wanawaandikia wafu wao barua. Kwenye bakuli. Wanaliweka kaburini."

"Wanawaambia nini?"

"Mambo ya nyumbani. Malalamiko."

Hajra akalikunjakunja pindo la kanga. "Sanda ulinunua lini, Adi?"

"Siku ile ile uliponiandikia. Nilijua ameshafariki."

"Mie niliandika anaumwa."

"Si ndivyo mnavyoandika siku zote? Babu alipofariki kule Ruponda mliniambia babu anaumwa, njoo. Nilikuwa bweni. Nikanunua machungwa, babu alikuwa anayapenda. Nikafika watu wanatoka makaburini. Nimesimama na mfuko wangu, wanapita mmoja mmoja wananipa pole." Akajifuta uso kwa kiganja. "Safari hii nikasema sitakuwa mjinga tena. Nimekupigia, hupatikani. Nikajua kuzika ni kesho. Nikatafuta sanda, nikajifungia nikalia huko huko, ili nikifika niweze kumwosha."

Hajra alikumbuka. Ni yeye aliyetuma salamu ile ya Ruponda, kwa huruma, mtoto asije akaanguka njiani. Kwao habari ya msiba haipelekwi uchi, huvikwa ugonjwa. Na siku alipoandika ugonjwa wenyewe, nani angemwamini?

"Kwani alikuwa hai, mama?"

"Alikuwa hai."

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia alasiri."

Adinani akainamisha kichwa mpaka magotini. Hajra akasogea kwenye mkeka, akamwekea mkono kisogoni, kama zamani alipokuwa na homa.

"Mie nilitaka uje na machungwa, mwanangu," akasema. "Machungwa tu."