Kigoda Nyuma ya Kioo

Kaka yangu Elisaria ni mtu mwema, na mtu mwema akipewa kofia yenye nembo anakuwa hatari. Ya kwake ilikuwa ya bluu, imeandikwa MRADI WA MAKUMBUSHO, na aliivaa hata akienda kukata majani ya ng'ombe.

Makumbusho yetu yapo juu kidogo ya Nkoaranga, mlimani Meru, kwenye majengo ya mawe ambayo Mjerumani mmoja aliyajenga kuwekea kahawa yake. Alipoondoka yakawa ghala la chama cha wakulima. Chama kilipokufa, wazee wakaingiza humo mikuki, vibuyu, mashine ya kumenyea kahawa, na picha za watu wetu waliofukuzwa Ngarenanyuki miaka ya hamsini, nyumba zao zikachomwa moto ili walowezi wapate pa kufugia. Paa lilivuja, na popo walikuwa wengi kuliko wageni. Kwa hiyo wafadhili wa Ulaya waliposema watatoa hela ya kuyakarabati majengo yote, tulifurahi, hata mimi nisiyefurahishwa upesi. Sharti lao lilikuwa kwamba jamii nayo ichangie sehemu yake, ili ionekane mradi ni wa wananchi.

Wananchi wenyewe kahawa yao ilikuwa imenunuliwa kwa bei ya kutupa. Elisaria, mwenyekiti wa kamati, akapata wazo: mnada baada ya ibada.

Mlutheri wa huku mlimani hahitaji kuelezwa mnada, ila kwa wengine nieleze. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, kuku, mayai, miwa. Mzee wa kanisa anavinadi nje, watu wanapandishiana bei kwa utani, na jogoo mmoja anaweza kuuzwa kwa bei ya mbuzi. Lakini kuna jambo ambalo halitangazwi kwa sababu kila mtu analijua. Mtu akitoa kitu cha moyoni mwake, mnunuzi hakibebi. Anakilipia, akina mama wanapiga vigelegele, kisha anamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Fedha imepatikana na kitu kimerudi nyumbani. Marehemu baba alikuwa akilitoa koti lake la harusi karibu kila msimu wa mavuno, na tulimzika nalo.

Mama yangu, Anande, hakuwa na jogoo. Alikuwa na kigoda.

Ni cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja, katikati kimelika kwa kukaliwa. Bibi mzaa baba alikibeba kichwani siku ile ya moto Ngarenanyuki, akaacha vyungu na mbuzi. Tangu hapo hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyekwenda kufunga ndoa kabla ya kupiga magoti mbele ya kigoda hicho. Mkubwa wa nyumba anakikalia, anachukua funda la maziwa, anampulizia mtoto utosini, na baraka imetoka. Mimi nilipuliziwa hivyo. Binti yangu Nice alikuwa aolewe mwezi wa kumi na mbili, na mama, ambaye miguu ilishamchosha na macho yalishaanza kufifia, alikuwa anaisubiri siku hiyo tu. "Nimpulizie huyu," alisema kila nilipopanda kumsalimia, "halafu Mungu akiniita nitaitika."

"Usikitoe," nilimwambia.

"Esther, wewe umekaa sana mjini, huko Sakina, na mafundi wa magari," Elisaria akadakia. "Unaona wezi kila mahali. Mama, kitoe. Mimi mwenyewe nitakinunua na kukurudishia mbele ya watu. Wakiona wewe umetoa kigoda, nani atabana mkono?"

Mama akacheka, akakipaka mafuta.

Jumapili ile kweli mikono ilifunguka. Kigoda kilipotolewa watu walinyamaza, maana wengi wanakijua. Elisaria akataja bei. Ndipo Hans naye akataja yake.

Hans alikuwa msimamizi wa mradi, mwajiriwa wa wafadhili. Angekuwa mgeni kutoka mbali ningemsamehe, lakini ni mtu wa Machame, Mlutheri mwenzetu, aliyelelewa na mnada kama sisi. Akapandisha, Elisaria akapandisha, Hans akaruka juu kabisa, mpaka kaka yangu akacheka na kuinua mikono. Aliniambia baadaye kwamba alidhani Hans anataka heshima ya kumrudishia mama kigoda, na heshima hiyo si vizuri kumnyima mtu mwenye fedha. Mnadi akagonga meza. Vigelegele vikaanza. Mama akasimama na kunyoosha mikono kupokea.

Hans akamshika mkono mmoja, akasema, "Asante sana, mama yangu, Mungu akubariki," akakichukua kigoda na kukipeleka kwenye gari. Sisi tukaendelea kupiga makofi, tukijua ni utani na kwamba atageuka. Akakifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma. Gari likawaka, likateremka. Mama alibaki na mikono yake mbele, na mimi nilimtazama kaka yangu, nikamwona akirekebisha kofia.

Jumatatu sikufungua duka langu la mjini. Nilimkuta Hans kwenye ofisi yake mpya ndani ya lile jengo kubwa, mafundi wakigonga juu ya vichwa vyetu.

"Karibu, Mama Nice," alisema. "Najua kilichokuleta."

"Kama unajua, kilete."

"Hela niliyolipa si yangu, dada. Ni fungu la mradi la kununulia vitu vya kale. Sasa kigoda ni mali ya makumbusho. Kimeshapewa namba."

Nililipanga kichwani. "Ngoja nielewe. Mfadhili alisema hatoi hela iliyobaki mpaka wananchi wachange. Wananchi hawana. Wewe ukachukua hela ya mfadhili, ukanunua kigoda cha mama, ikaandikwa kwamba wananchi wamechanga."

"Usiliseme hivyo."

"Nilisemeje?"

"Dada, bila ile bei ya jana tusingefika. Mradi ungekufa, na wa kwanza kulaumiwa angekuwa kaka yako."

"Nitakurudishia kila shilingi. Nipe kigoda."

"Ukirudisha, mchango wa jamii unapungua, na mkataba unavunjika." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionipandisha hasira. "Kigoda kikikaa kwenu kitaliwa na mchwa. Hapa kitatunzwa."

Polisi wa mkoloni walichoma nyumba, kigoda kikapona. Kamati ya maendeleo ikakichukua kwa makofi. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu mchungaji wetu anasoma. Mwishowe nikalainika, kwa ajili ya Nice. Nikamwomba atuazime siku moja tu, asubuhi ya harusi. Akasema hilo linawezekana, tumkumbushe siku ya uzinduzi.

Elisaria nilimfuata hadi bandani, anakamua. Nilimuuliza kwa nini hakumsimamisha Hans palepale, mbele ya usharika wote. "Ningesema nini, Esther? Ningemwaibisha mgeni wetu?" Nikasubiri aseme alipewa kitu. Hakupewa kitu. Laiti angekula rushwa ningejua nimchukie vipi. Kaka yangu alimuuza mama kwa adabu tu, na kofia.

Uzinduzi ulikuwa wiki moja kabla ya harusi. Sitaki kusema uongo, majengo yalipendeza. Mawe yamesafishwa, paa jipya, na mgahawa unaouza kahawa yetu wenyewe kwa bei ambayo hakuna mkulima wetu angethubutu kuilipa. Chumba cha kwanza kinaeleza jinsi watu wetu walivyonyang'anywa ardhi. Na katikati ya chumba hicho, chini ya taa ndogo, kigoda, ndani ya sanduku la kioo.

Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na amekuja na kanga ya kufungia kigoda. Nilimvuta Hans pembeni, nikamkumbusha. Akaliangalia lile sanduku, akajikuna shingo.

"Dada, halina mlango. Fundi amelibandika pande zote. Kulifungua ni kulivunja, na limetoka nje ya nchi."

Papo hapo Elisaria alishika kipaza sauti, akatangaza kwamba mama yetu, mkubwa wa ukoo uliotoa kigoda, atalibariki jengo. Wafadhili wakamgeukia mama kwa tabasamu. Mtu akamletea kiti cha plastiki, maana miguu ilikuwa ikitetemeka.

Mama alikitazama kile kiti. Akasema, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kimeru, taratibu, kila mtu akasikia: "Hiki kiwekeni kwenye kioo. Mimi nipeni kile."

Watu wakacheka. Mungu wangu, walicheka kwa furaha kabisa, kama unavyomchekea bibi mcheshi. Mkalimani akawaambia wafadhili kwamba mama anashukuru sana. Nao wakapiga makofi. Mmoja, mama wa makamo mwenye macho mema, akaja kumkumbatia huku machozi yakimlengalenga. Mama alikumbatiwa kama gunia.

Ile kanga ilirudi nyumbani ikiwa imekunjwa vilevile.

Asubuhi ya harusi uwanja ulijaa viti vya kukodi vilivyofungwa vitambaa vyeupe. Elisaria alichagua kimoja, akakipangusa vizuri, akakiweka mlangoni ambapo kigoda kilikuwa kikikaa. Alikuwa hana kofia. "Mama, baraka iko mdomoni mwako, haiko kwenye mti," alisema. Huenda ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba usiku kucha iwe kweli.

Nice akapiga magoti na gauni lake, shela ikiwa imeinuliwa, utosi wazi. Mama akaketi, na kiti kikambonyea na kulia. Nikampa kibuyu. Akachukua funda la maziwa, mashavu yakajaa. Tukainamisha vichwa, sote, hata wapiga picha.

Tulingoja. Nilisikia magari ya msafara yakiunguruma barabarani. Nice alikuwa amefumba macho, akitabasamu kidogo, kama nilivyotabasamu mimi nikisubiri ule ubaridi utosini.

Nikainua macho. Mama alikuwa anakishika kile kiti pembeni, akikipapasa kingo zake. Halafu nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa ameyameza.

"Nenda tu, mwanangu," akamwambia Nice, akimpangusa utosi mkavu kwa kiganja. "Mchungaji yupo."